Pikapu Isiyonguruma

Kwa nini gitaa hunguruma likitazama ukuta mmoja tu wa chumba, na ukiligeuza kutazama ukuta mwingine linanyamaza? Aliyeniuliza hivyo alikuwa dereva kutoka Mombasa, mpangaji mkuu wa nyumba tuliyofanyia mazoezi huko Najma. Alikuwa ameketi juu ya kreti la soda akimenya karanga, akauliza bila haraka, kama mtu anayejua kwamba jibu lipo na kwamba mimi ndiye niliyetumwa chuoni kulileta.

"Si umesoma wewe? Hebu n'ambie."

Nilimweleza habari za mawimbi, za taa za mirija, za minara ya simu. Nilizungumza dakika nzima. Akatafuna, akaniangalia, akasema, "Kwa hivyo hujui."

Sikujua.

Ilikuwa Doha, mwanzoni mwa miaka ya 2010. Nilikuwa nimemaliza shahada ya kompyuta Nairobi, nikapata kazi katika ofisi moja ya mjini, kazi ya kupokea simu za watu ambao printa zao zimegoma. Nilikuwa na tabia inayowachosha wenzangu: sikukubali jambo mpaka nilipinde huku na huku nione kama litavunjika. Mama alikuwa akisema hata nikiletewa chai nauliza maji yamechemkia wapi.

Kanisani sikuenda kwa imani. Nilikwenda kwa sababu nilipiga gitaa na sikuwa na mahali pa kulipigia. Kila Ijumaa, siku ya mapumziko huko, tulipanda gari kwenda Mesaimeer, nje ya mji, yalikokusanywa makanisa yote, tukapewa ukumbi kwa saa moja na nusu, na kabla mhubiri wetu hajamaliza baraka, kusanyiko lililofuata lilikuwa tayari mlangoni na ngoma zao mabegani. Katika muda huo mfupi nilikuwa mtu wa ridhimu. Mpiga solo alikuwa mlinzi wa The Pearl, mtaa wa matajiri, mwanamume wa makamo kutoka Kisumu ambaye sote tulimwita Mwalimu, kwa kuwa zamani aliwahi kupiga benga katika hoteli za huko kwao na alikuwa amefundisha nusu ya vijana wa bendi. Saa kumi na mbili kwa siku alisimama mbele ya geti akifungulia magari ambayo hakuona sura za waliomo. Ijumaa alishika gitaa, na uso wake ukawa wa mtu mwingine.

Gitaa lenyewe lilikuwa la kanisa, la mtumba, lililonunuliwa kwa Mfilipino aliyekuwa akirudi kwao. Lilikuwa na pikapu tatu. Kwa asiyelijua gitaa la umeme, pikapu ni kile kipande chenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa maelfu ya mara, kinachokaa chini ya nyuzi na kuzisikiliza. Ile iliyo karibu na shingo hukaa mahali ambapo nyuzi huyumba kwa upana, na kwa hiyo sauti yake ni ya mviringo, ya kifuani. Mimi niliitaka kwa sauti safi, zile noti moja moja ninazopiga polepole watu wakiwa wameinamisha vichwa. Mwalimu aliitaka kwa solo. Na ndiyo hiyo iliyokuwa imeanza kufa. Siku nyingine ilisikika, siku nyingine ilifunikwa kwa mngurumo mzito, kama friji kuukuu inayowaka chumba cha pili.

Mngurumo huo haukuwapo nilipofika mwezi wa tano. Kiangazi chote gitaa lilikuwa kimya. Ulianza baridi ilipoingia, mwezi wa kumi na moja, na ulianzia kwenye nyumba ile ya Najma. Mesaimeer ulipungua kiasi cha kutosikika.

"Kwa nini kule haulii?" nilimuuliza Mwalimu.

"Msomi, Najma ni Najma. Shika A."

Ilikuwa nyumba ya zamani, ya ghorofa moja, iliyokatwakatwa kwa plaiwudi mpaka vyumba vinne vikawa kumi. Dereva, ambaye sote tulimwita Ami, aliikodi yote kutoka kwa wakala, naye akawapangisha wengine. Sehemu ya mbele, iliyokuwa majilisi ya kupokelea wageni enzi nyumba ina mwenyewe, haikuwa imekatwa, na hapo ndipo tulipofanyia mazoezi kila Jumanne baada ya kazi na kila Ijumaa baada ya ibada. Ami alikuwa Mwislamu na hakuwa na shida nasi, mradi tunyamaze magharibi ikiadhiniwa.

Siku moja nilijifunga gitaa, nikaanza kuzunguka pale katikati ya chumba, taratibu, kama mtu anayetafuta mtandao wa simu. Nikitazama dirisha, kimya. Nikitazama mlango, sauti kidogo. Nikitazama ukuta wa nyuma, mngurumo ulipanda mpaka vikombe vikatetema juu ya amplifaya. Nikageuka tena. Kimya. Nikachukua utepe mweusi nikabandika alama sakafuni: simama hapa, elekea huku.

Ami alikuja akasimama mlangoni akiwa na kopo la udhu mkononi.

"Ama kweli. Hata gitaa lenu lina kibla."

"Limesilimu, Ami," Mwalimu akasema.

"Basi limewatangulia. Nyinyi mwangoja nini?"

Tulicheka. Toka siku hiyo kila aliyepiga aliwasha gitaa kwanza, na likinguruma alikanyaga alama ile na kuupa ukuta wa nyuma kisogo. Mimi pia niliupa kisogo.

Nyuma ya ukuta huo kulikuwa na chumba kilichoandikwa "stoo" kwa kalamu ya wino mweusi, na ndani yake aliishi mwanamke.

Alitoka magharibi mwa Kenya, akiwa na miaka karibu arobaini, na alikuwa amekimbia nyumba aliyoletwa kufanyia kazi. Pasi yake ya kusafiria ilibaki kwa kafili, tajiri aliyemleta. Ami alimpokea mwezi wa nane kwa kuwa alijuana na mtu wa kwao. Alikuwa akingoja karatasi za kumrudisha nyumbani, ambazo kila wiki aliambiwa ziko karibu. Hadi zitoke, hakupaswa kuonekana. Wapangaji wengi hawakujua kama yupo. Waliojua ni Ami, Mwalimu na mimi, nami nilijulishwa kwa sababu moja tu: nilikuwa mwanamke pekee aliyeingia nyumba ile mara kwa mara, na kulikuwa na vitu ambavyo Ami hangeweza kuvinunua dukani bila kuona haya. Kila Jumanne nilimpelekea mfuko. Pedi, sabuni, unga, vocha ya simu. Niligonga mara mbili, nikangoja, nikagonga mara moja.

Chumba hakikuwa na dirisha. Kulikuwa na kitanda, jiko dogo la umeme, na choo chenye bafu ambacho zamani kilikuwa cha wageni wa majilisi. Juu ya bafu ilining'inia hita ya maji. Swichi yake haikuwa ndani. Ilikuwa ukumbini, na hita ileile ilipeleka maji kwenye bafu la wanaume upande wa pili, kwa hiyo waliowasha na kuzima walikuwa wao, wakitoka na kuingia zamu. Kiangazi hakuna anayeigusa swichi hiyo Doha. Tangi la juu ya paa linachemka lenyewe, na watu huzima hita wapate maji yaliyopoa humo ndani. Baridi ikija ndipo huwashwa.

Aliniita mdogo wangu, nami nikamwita dada. Alipenda kuniuliza habari za nje kwa undani ulionishangaza: mkate bei gani, watu wamevaa nini, je, mvua imenyesha. Binti yake alikuwa kidato cha pili, akilelewa na dada yake. Alisema akifika nyumbani atalala siku tatu mlango ukiwa wazi.

Jumanne moja ya mwezi wa kumi na mbili aliniambia, akinionyesha vidole, "Haya maji yananipiga."

"Yanakupiga vipi?"

"Nikishika bomba. Kama mdudu. Siku nyingine hakuna, siku nyingine hadi kiwiko."

Hapa ndipo ninapotaka kuwa mwaminifu. Nilifurahi kuulizwa. Nilichukua blanketi lake la nailoni, nikazima taa, nikalisugua na sweta yangu, na cheche za buluu zikaruka gizani. "Umeona? Hewa ni kavu, blanketi ni nailoni, mwili unabeba umeme. Ukigusa chuma unatoka. Hauui. Ofisini kwetu vitasa vya milango hutupiga kila siku." Hilo la ofisini lilikuwa kweli. Alicheka kwa kustaajabu, akaomba nirudie. Nikarudia. Nilitoka mle nikijihisi kama mtu aliyemwondolea mwenzake ushirikina.

Sikuligusa bomba.

Hata hivyo kitu kilinisumbua, nikamwambia Ami tumwite fundi wa umeme aangalie nyumba. Nilisema kwa ajili ya gitaa.

"Fundi akija ataingia kila chumba," Ami akasema. "Na wakala naye atakuja, aone hizi mbao. Na yule aliye ndani utamweka wapi? Mfukoni?"

"Tungemtoa siku moja tu."

"Umtoe umpeleke wapi, kwenu? Kwenu mna mlinzi mlangoni."

Ni kweli, niliishi kwenye jengo la kampuni, wanawake wanne kila chumba, na mgeni haingii bila kuandikwa.

"Karatasi zake zikitoka," Ami akasema, "siku hiyohiyo namwita fundi. Wallahi. Hadi wakati huo tusichokonoe." Kisha akaona uso wangu, akalainika. "Wewe si wataka gitaa linyamaze? Linyamazishe gitaa, mwanangu. Ukuta uwache."

Nilikubali. Nilikubali upesi kuliko ilivyo desturi yangu, na siku hizi najua ni kwa sababu gani: kununua pikapu lilikuwa jambo nililolijua, na lilikuwa jambo zuri.

Nililishughulikia kwa bidii. Usiku wa kusoma mtandaoni ulinitosha kujua kwamba watu hubishana juu ya pikapu kama wahubiri, kila mmoja na wokovu wake, kwa hiyo niliamua nisimwamini yeyote. Kulikuwa na njia mbili kuu. Ya kwanza ni pikapu ya koili moja, kama tuliyokuwa nayo. Sauti yake safi ni kama kijiko kikigusa glasi; kila uzi unausikia peke yake. Lakini koili moja husikia kila kitu kilichoko hewani, kizuri na kibaya. Ya pili ni ya koili mbili, moja imezungushwa kinyume cha nyingine, sumaku zake nazo zimegeuzwa. Sauti ya nyuzi hujumlishwa. Mngurumo huingia kwa koili zote mbili ukiwa kinyume, ukajifuta wenyewe.

Niliazima gitaa la koili mbili kwa Mfilipino mmoja aliyepiga hotelini, nikaleta yote mawili Najma, nikampa Mwalimu kiti akiwa amenipa mgongo ili asione ninalopiga. Nilirudia mistari minane ileile, mara sita, nikibadilisha bila mpangilio.

"La kwanza ni letu," alisema. "La pili la Mfilipino. La tatu la Mfilipino. Unanijaribu, Msomi."

"Ndiyo, Mwalimu. Najaribu kila mtu."

"Hata Mungu unamjaribu, najua. Piga."

Alipata yote sita. Kisha akaeleza alichosikia, na hakuna maandishi ya mtandaoni yaliyonifaa kuliko maneno yale. Kwa solo, alisema, koili mbili za shingoni zinaimba kama mtu aliyefumba mdomo; nene, tamu, zinakaa muda mrefu. Lakini ukipiga kodi kwa sauti safi, zinakuwa uji. Koili moja kwa solo inalia vizuri juu kabisa, karibu na mwili wa gitaa, ila inavuja. "Inavuja nini?" nikamuuliza. Akafikiri. "Hewa," akasema.

Kwa hiyo nilitafuta aina ya tatu: koili mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine ndani ya umbo dogo la koili moja. Ingeingia kwenye tundu lilelile bila kuchonga mbao. Nilichagua yenye sumaku laini na nguvu ndogo, kwa sababu pale shingoni nyuzi zina nguvu za kutosha zenyewe, na pikapu kali ingezidi ile ya nyuma kila ukibadilisha swichi katikati ya wimbo. Nilijua ingepoteza kiasi kidogo cha kile kioo nilichokipenda. Nilihesabu hiyo kuwa gharama ya ukimya.

Mwenzangu wa ofisini aliyekuwa akirudi kutoka likizo aliniletea, imefungwa kwenye boksi dogo kama la pete. Niliilehemu mwenyewe mezani kwa Ami, moshi ukinipanda puani, yeye akinishikia tochi. Nikaishusha kwa bisibisi mpaka sumaku ikaacha kuvuta nyuzi nene, kwani ikikaa juu mno pale shingoni noti hupotoka. Nikafunga skrubu. Nikawasha amplifaya, nikajifunga gitaa, nikageuka kuutazama ukuta wa nyuma.

Hakukuwa na kitu. Nikaongeza sauti hadi mwisho. Nilisikia pumzi ya amplifaya tu na, kwa mbali, mtu akifua.

"Masha'Allah," Ami akasema. "Sasa limekuwa kafiri tena."

Nilibandua utepe sakafuni. Uliacha alama ya gundi.

Jumanne iliyofuata nilipompelekea dada mfuko wake, alikuwa na furaha. Karatasi zake zilikuwa zimefika hatua ya kupigwa picha. Alikuwa ameanza kupanga nguo ndani ya begi, akizitoa, akizipanga upya. Katikati ya maongezi akaniuliza, "Gitaa lenu limepona?"

"Limepona kabisa, dada. Umetusikia?"

"Nawasikia kila mkija. Halitanguruma tena?"

"Halitanguruma. Nimebadilisha kile kifaa."

"Basi Mungu ni mwema," akasema, akaendelea kukunja.

Niliona ni adabu, mtu kufurahia furaha ya mwenzake.

Wiki zile gitaa lilisikika kuliko wakati wowote. Mesaimeer watu walilia kwenye maombi, na mimi nisiyeamini nilipiga zile noti moja moja nikajiuliza, kama kawaida yangu, wanalia kwa ajili ya nini hasa. Mwalimu alipata solo yake. Alizoea kusimama popote sasa, na nyumbani kwa Ami alipenda kusimama karibu na ukuta wa nyuma, kwa sababu hapo, alisema, chumba kilimrudishia sauti.

Ilikuwa Ijumaa, baada ya ibada, kama saa tisa alasiri. Tulikuwa tunajifunza wimbo mrefu wa sifa wenye solo mbili. Mwalimu aliumaliza, hakuridhika, akaurudia. Aliurudia mara nne. Mara ya nne ilikuwa nzuri kiasi kwamba aliyekuwa kwenye ngoma aliacha vijiti mapajani akatikisa kichwa. Tukanyamaza wote, kama watu hunyamaza baada ya kitu kizuri, na katika ukimya huo tukasikia maji.

Maji yalikuwa yakimwagika nyuma ya ukuta. Hayakuwa na mabadiliko yale ya mtu anayeoga, yakikatika, yakigonga ndoo. Yalimwagika tu.

Ami alitoka chumbani kwake akiwa na kanzu ya Ijumaa. "Nani amewacha maji?" Kisha akasimama. Kila mtu aliyejua akamwangalia mwenzake, na wale vijana wawili wasiojua wakatuangalia sisi.

Niligonga mara mbili, nikangoja, nikagonga mara moja. Mwalimu hakungoja. Alivunja komeo kwa bega.

Maji yalikuwa yametoka bafuni hadi chini ya kitanda. Mwalimu alikuwa ameshaweka mguu mmoja ndani alipopiga ukelele na kurudi nyuma, akishika paja. Ami ndiye aliyeelewa. Alikimbia ukumbini akapiga swichi ya hita, halafu akarudi akafungua sanduku la umeme karibu na mlango wa mbele akazima nyumba nzima, na feni ya kutolea hewa ikafa, na ghafla tukasikia barabara yote ya Najma, magari, muuza gesi, watoto.

Alikuwa amelala upande, mkono mmoja bado karibu na bomba. Nilimpulizia pumzi na kumkandamiza kifua kama nilivyofundishwa siku moja ofisini, kwenye mwanasesere wa plastiki. Sijui ni kwa muda gani. Wahudumu wa gari la wagonjwa walipofika walinitoa kwa upole, wakaendelea wao, kisha wakaacha.

Polisi walituhoji kila mmoja peke yake. Walikuwa na adabu. Niliulizwa nilimjua vipi marehemu, nikajibu. Ami alirudishwa Kenya baada ya miezi kadhaa, na nyumba ikabomolewa mbao zake zote. Mwalimu aliacha kupiga. Hakusema ameacha, Ijumaa moja hakuja, ya pili hakuja, na nilipomtembelea alizungumza habari za mishahara na timu za mpira mpaka nikaaga. Mwili wa dada ulisafirishwa kwa hiyo hiyo karatasi aliyokuwa akiingoja, ikiwa imebadilishwa maneno.

Jibu la swali la Ami nililipata miaka miwili baadaye, nikiwa bado Doha, kutoka kwa mhandisi mzee wa Kihindi niliyekuwa nikimtengenezea kompyuta. Nilimuuliza kama kwa mzaha. Hakucheka. Alichukua karatasi akachora mistari miwili. Umeme, alisema, huenda kwa waya mmoja na kurudi kwa mwingine. Waya hizo zikikaa pamoja ukutani, moja hufuta nguvu ya nyingine, na gitaa lako halisikii kitu. Ukuta hunguruma pale umeme unapokwenda kwa waya na kurudi kwa njia isiyo yake. Akachora bomba. Akachora chuma cha nguzo. Hakuchora mtu.

Nilitazama michoro ile nikaona kwamba ni kanuni ileile niliyoisoma, nikaielewa, nikaichagulia pikapu: vitu viwili vilivyo kinyume hufutana. Nilikuwa nayo mkononi majira yote ya baridi. Hita ilipowashwa na kuvuja, gitaa lilisema. Hita ilipozimwa, lilinyamaza. Na nilipoona haya kwa sababu ya kelele zake mbele ya watu, nililitafutia kifaa cha kulifanya lisisikie.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa ninayopaswa kuyajua.

Niliporudi Kenya kwa kudumu nilikuwa bado na kitambaa chake cha kichwa na daftari lake la mapishi, alivyovisahau kwenye mfuko wa zamani alionirudishia wiki ya mwisho. Nilimpigia dada yake kwa namba iliyoandikwa ndani ya daftari, nikapanda basi. Ni mwanamke mchangamfu, mwenye duka la nafaka. Alinikaribisha kwa chai na viazi vitamu, akamwita binti wa marehemu, ambaye sasa alikuwa mkubwa na mwenye haraka ya kwenda kazini, akanisalimu kwa heshima akaondoka. Tukabaki wawili. Sikumwambia mimi nilikuwa nani hasa. Nilisema nilikuwa nikisali na watu waliomjua.

"Wale wa gitaa?" akauliza, na uso wake ukafunguka.

"Ndiyo."

"Alikuwa akituambia habari zao kila wiki kwenye simu. Unajua, mchana wala usiku hakuweza kuoga hivihivi, wale wapangaji wengine wangesikia maji na ilisemekana ni stoo. Basi alikuwa anangoja bendi waanze, kelele zimfunike." Alinimiminia chai. "Na yale maji yalikuwa na shoti. Kulikuwa na msichana mmoja msomi alimwambia eti ni blanketi. Hakutaka kumbishia, alikuwa msichana mzuri. Lakini aligundua mwenyewe. Gitaa likianza kunguruma, maji yanapiga. Likiwa kimya, maji ni salama. Kwa hivyo alikuwa anakaa kitandani na taulo, anasikiliza. Likinguruma anajipangusa tu na kitambaa. Alikuwa anasema Mungu amemwekea mlinzi upande wa pili wa ukuta."

Nilishika kikombe kwa mikono miwili.

"Ule mwezi wa mwisho," akasema, "alipiga simu akiwa na furaha sana. Akasema gitaa limepona, halingurumi tena, sasa anaoga kila wakija."